Uso Uliosajiliwa

Tetesi ilimganda Mwanamkasi tangu foleni ya kliniki: mtoto humpenda zaidi yule anayeifundisha lenzi yake.

Siku hizi kila anayezaliwa na mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji, akatiwa lenzi inayojifunza kuona kwa kutazama uso mmoja tu, saa nzima kila asubuhi, hadi miaka saba. Mwanamkasi alikuwa akiwahi kiwandani, hivyo ukasajiliwa uso wa wifi yake, Bishara.

Rukia, binti wa Mwanamkasi, alipofika miaka mitano, alimtambua shangazi yake toka ng'ambo ya uwanja. Mama akisimama mlangoni huulizwa, "Nani hapo?"

"Wifi, usininunie," Bishara akacheka. "Ndiyo sura mliyomchagulia."

Wivu ukampanda Mwanamkasi. Akamrudisha Bishara kwao, akaacha kazi, akaketi yeye mbele ya mtoto. Mwezi haukuisha, Rukia akaanza kupapasa kuta.

"Sura ya shangazi imenipotea," akasema, "na wewe pia sikuoni."

Mwenye mtoto wa lenzi aepuke haya:

Kubadilisha uso kabla ya miaka saba; lenzi husahau wa kwanza bila kujifunza wa pili.

Kumfukuza wifi kwa sababu mtoto amemchekea.

Kumuuliza mtoto anampenda nani.

Kunyamaza mbele ya daktari siku ya kupimwa, anapouliza kama uso umebadilishwa, kama Mwanamkasi alivyonyamaza jana.