Robo ya Tangi

Kimya ndicho kilichomshtua Bernadine Lahti. Siku tatu mfululizo, tangu barafu iangushe miti na nyaya za umeme, jenereta ya akina Kangas ilikuwa ikinguruma bila kupumzika, na watu wa barabara ile wakiilalamikia kwa utani. Asubuhi hii alikuwa ameshafika kwenye sanduku lao la barua, akiburuta dumu la petroli juu ya ubao wa kutelezea, na hakusikia kitu.

Akaanza kukimbia, mwanamke wa miaka sitini na nane, juu ya barafu.

Jenereta yenyewe ilikuwa ya gari-nyumba, lile gari refu lenye vitanda na jiko ambalo Reino Kangas alilinunua alipostaafu mgodini, ili azunguke nchi na mkewe. Walikwenda Arizona mara moja. Waliporudi, vidole vya Elva vikaanza kushindwa kufunga vifungo, ikafuata mikono, ikafuata miguu, na sasa hata pumzi alipewa na mashine kando ya kitanda. Kilichobaki chake ni macho. Waya mmoja ulitoka kwenye gari, ukapita dirisha la jikoni, ukaenda hadi kwenye ile mashine. Betri ya mashine ilishikilia nusu saa, baada ya hapo basi.

Vituo vya mafuta navyo havikuwa na umeme. Kwa hiyo Bernadine ndiye aliyegonga milango na kuwaamuru watu wanyonye petroli kwenye misumeno yao, kwenye mashine za kusukumia theluji, hata kwenye boti ya mchungaji. Hakuna aliyemnyima, kumnyima Bernadine ni kujitafutia makubwa. Mumewe mwenyewe alikufa peke yake sebuleni, siku ambayo yeye alikwenda dukani kununua maziwa, na tangu hapo hakuweza kuvumilia mtu aondoke hivi hivi na majirani wapo.

Akina Kangas ndio waliokuwa wagumu kusaidiwa. Siku ya pili watu wa zimamoto walikuja kwa pikipiki za theluji wampeleke Elva mjini, naye akakataa kwa macho, mara tatu. Jana Reino alimwambia Bernadine pale mlangoni kwamba mafuta yanatosha, wasijisumbue tena. Bernadine akamwachia dumu kwa nguvu. Aibu za wanaume hizi, alijisemea. Redio ilikuwa imeshatangaza kwamba umeme hautarudi kabla ya siku tisa.

Sasa alifungua mlango wa gari akatazama mshale wa mafuta. Robo. Jenereta ya gari-nyumba hunywa kwenye tangi moja na injini, na bomba lake huishia kwenye robo ili mwenye gari asije akakwama porini. Ikifika hapo hujizima yenyewe. Kila mwenye gari la namna hiyo anajua, na Reino alijua kuliko wote. Dumu la jana lilikuwa pale pale kando ya gurudumu, limejaa, kifuniko hakijaguswa.

"Masikini, amechoka mpaka amesahau," Bernadine alisema, na machozi yakamlengalenga.

Akamimina dumu la jana, akamimina na la leo. Petroli ikamlowesha glavu. Akabonyeza kitufe. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Akabonyeza tena, akimwomba Mungu kwa maneno ambayo hakuwa ameyatumia tangu msiba wake. Mara ya tano ikawaka.

Chumbani, taa ya mashine ilikuwa imegeuka kijani. Elva alikuwa hai. Alikuwa amevalishwa gauni lake la bluu la kanisani, nywele zimechanwa vizuri. Reino alikuwa amenyoa ndevu, ameketi ukingoni mwa kitanda, ameushika mkono wa mkewe kwa mikono yake yote miwili.

"Reino, ulipitiwa na usingizi?"

"Hapana."

"Zilikuwa zimebaki dakika ngapi?"

"Tatu," alisema, kama mtu aliyeulizwa tarehe. Kisha akauinamisha uso kwenye blanketi, akalia kwa kwikwi. Bernadine akampapasa mgongo, na yeye pia akilia, maana furaha ilikuwa imemzidi kimo.

"Basi, Reino. Yameshapita. Kuanzia leo nalala hapa hapa kwenu. Hamtaachwa peke yenu hata dakika moja."

Elva alikuwa ameukazia macho ubao wa herufi uliotundikwa kando ya kitanda. Bernadine alishajifunza kuutumia: unapitisha kidole taratibu, na Elva akipepesa macho, herufi ndiyo hiyo. Akauchukua.

"Uache, Bernadine," Reino alisema bila kuinua uso.

"Niuache vipi? Shoga yangu ana neno."

Alitarajia shukrani, na alikuwa ameshapanga namna ya kuikataa kwa unyenyekevu. Akapitisha kidole. T. Halafu U. L, I, S, H, A.

"Tulishangaa," Bernadine alimalizia, akicheka na kufuta pua. "Hata mimi, mama, nilishangaa kusikia kimya."

Elva aliendelea kumtazama, akasubiri kidole kirudi mwanzo wa ubao. A. Kisha G. Kisha A, na N, na A nyingine, na baada ya hapo akafumba macho.

Bernadine akalisoma neno zima kwa sauti, kwa uchangamfu ule ule, kabla halijamwingia.

"Tulishaagana."