Barua ya Mfadhili

"Dada, kesho pumzika nyumbani, umechoka," mwalimu mkuu alimwambia mpishi wa chai.

Tangu lini anajua nimechoka? mpishi alijiuliza. Miaka sita hajapewa hata nusu siku, iweje apewe siku anayokuja mfadhili anayemsomesha binti yake?

Kwa hiyo kesho yake mpishi alikuja kazini. Akapika chai, akaipeleka ofisini mwenyewe.

Mfadhili, bibi mwenye mvi, alikuwa ameshika barua. Mwandiko ule uliolalia kushoto ulikuwa wa binti yake.

"Kila nikiisoma nalia," bibi alisema. "Kufiwa na mama akiwa mdogo hivi, masikini!"

Mwalimu mkuu alikohoa. "Dada, weka chai uende zako."

Mpishi alibaki pale na sinia lake. Binti akatokea mlangoni na sare mpya, akamwona mama yake, akainamisha kichwa.

"Njoo, yatima wangu," bibi alimwita.

Mama akisema, huenda masomo ya mwanawe yakaishia hapo. Akinyamaza, basi ndiyo amekufa.

Aliweka sinia mezani, akavuta kiti, akaketi uso kwa uso na mgeni.

"Shikamoo, bibi. Naomba unisomee hiyo barua yote."