Samaki wa Jikoni kwa Bi Kidawa

"Ipua chungu hicho!" Leonadi alifoka. Shikamoo alikuwa ameiacha nyumbani. "Lori linasubiri!"

Bi Kidawa hakuipua. Mbaazi zilikuwa hazijaiva.

Katibu huyu, jamani! Likawage nzima ilitakiwa kuhamia kijiji kipya cha barabarani, naye ndiye aliyepewa kazi ya kubomoa nyumba. Kazi hiyo aliipenda kuliko chakula. Bi Kidawa alikuwa na mikorosho aliyoipanda na marehemu mumewe. Akihama, itamezwa na pori. Kila mwanamke hapo kijijini alikuwa na yake, na uchungu ule ule.

Leonadi akapiga teke figa moja. Mgeni aliyeongozana naye, mtaalamu wa mawe kutoka Dar es Salaam, akapiga ukelele kana kwamba kapigwa yeye. Alichuchumaa, akafuta masizi. Ndani ya jiwe kulikuwa na kichwa cha samaki, mdomo wazi.

"Zamani za kale samaki hawakuwa na taya," alisema. "Walifyonza tope tu. Huyu ni wa ukoo wa wale wa kwanza kung'ata!"

"Na waliong'atwa walisemaje?" Bi Kidawa aliuliza.

Mtaalamu akainua macho. "Jiwe hili umelitoa wapi, mama?"

"Marehemu mama aliliokota mtoni, tunakochota maji."

Mtaalamu akamgeukia Leonadi. Jiwe lisisogezwe mpaka arudi na wenzake. Na samaki huyo, alisema, atapewa jina la kiongozi wa hapa.

Samaki Leonadi! Kifua kikamjaa. Akatoka mlangoni, akawatangazia watu: "Nyumba yoyote yenye samaki wa namna hii haibomolewi, na mwenyewe haondoki! Atakayeigusa atanitambua!"

Walimpigia makofi. Tena makofi kupita kiasi, lakini yeye aliona ni haki yake.

Jioni wanawake walikwenda mtoni wote pamoja. Walirudi shingo zimelemewa, ndoo zimefunikwa kanga, na hakuna aliyedondosha hata tone.

Asubuhi Leonadi akaja na lori, nyundo begani. Kila nyumba ilikuwa inafuka moshi. Watu wa kuhama, wanapika nini? Akaanza kwa Siti, jirani wa Bi Kidawa. Aliingia moja kwa moja mpaka jikoni, akainua mguu apige figa.

"Taratibu, Ndugu Katibu," Siti alisema, akikoroga uji wake. "Wa kwangu anang'ata."