Mteja wa Kamera Mbili

“Usinunue leo,” Térence alimwambia mteja, kisha akageuka haraka kuangalia kama shangazi yake amesikia.

Alikuwa amesikia. Tanti Apollinarie, mwenye duka, alikuwa nyuma ya pazia akipanga chaja za simu, na mara chaja zikaacha kugongana.

Mteja mwenyewe, Kaneza, alicheka mpaka akafunika mdomo. Ilikuwa mara yake ya kumi na moja kuja hapo Kimanga, mtaa wa Uvira. Juu ya kaunta zilikaa kamera zile zile mbili: kubwa nyeusi, mpya, yenye kioo ndani kinachopiga klak, ya watu wanaoanza kazi; na ndogo isiyo na kioo, ya mabingwa, iliyotumika kidogo Bujumbura. Siku ya kwanza Kaneza alisema anatafuta kamera ya kupigia picha za ndoa, ila hajui achague ipi. Hadi leo alikuwa hajui.

“Juzi ulisema nitwae hii kidogo.”

“Nilisema.”

“Jana ukasema hii kubwa.”

“Njo maana ninakuambia fikiria kwanza. Kamera haiko mboga ya sombe, dada, ya kununua tu mu njia.”

Tuseme ukweli wote. Térence, aliyetoka Sange miezi mitatu iliyopita kuja kumsaidia shangazi yake, alikuwa amependa. Amependa vibaya, mpaka juzi mzee mmoja aliomba betri ya redio akauziwa kifuniko cha simu. Na siku Kaneza atakapochagua, ataitia kamera mkobani, ataaga, na hatakuwa na sababu ya kurudi tena. Kwa hiyo kila Kaneza alipoegemea kamera moja, Térence aliisifu ile nyingine. Muuzaji wa namna hiyo Uvira ilikuwa haijapata kumwona.

“Acha nijaribu tena hii kidogo,” Kaneza alisema.

Alitoa kadi yake mwenyewe ya kuhifadhia picha, kama alivyofanya kila siku, akaisukuma ndani. Akabadilisha lenzi huku macho yake yakiwa kwa Térence. Akauvaa mkanda shingoni, juu ya alama nyembamba nyeusi ambayo Térence aliidhani ya mkufu.

“Simama pale ku mulango. Mwangaza ya ziwa iko muzuri. Usicheke.”

Térence akasimama. Akatoa kifua mbele, akashika pumzi, akangoja mlio wa klak, kama watu wote wanavyofanya mbele ya kamera. Akangoja. Macho yakaanza kumtoka.

“Pumua,” Kaneza alisema. “Nilimaliza zamani.”

“Unaona!” Térence alihema. “Hii haina sauti! Ku ndoa bantu bote watashika pumuzi mpaka waanguke. Bibi harusi, mukwe, bote chini!”

“Basi nitwae hii kubwa.”

Térence akadakia. “Hapana! Hii kubwa iko na makelele. Mu kanisa padri atakufukuza.”

Kaneza aliuma midomo kuzuia kicheko. Akachomoa kadi yake, akaitia pochini. “Sawa. Nitarudia kesho.”

Kesho! Térence alifuta kaunta mara tatu bila kuona vumbi lolote, huku akipiga mluzi.

Tanti Apollinarie akatoka nyuma ya pazia, mikono kiunoni. “Yule hatanunua kitu. Miye ninamujua.”

“Atanunua, Tanti. Anafikiria tu.”

“Fikirieni nyinyi wawili. Kesho asubuhi kuko muntu wa kule Baraka anakuja kutwaa zote mbili. Tumekwisha kupatana.”

Térence akazifunika kamera kwa mikono yake. “Zote mbili?”

“Zote. Na sasa acha kusimama pale kama muti. Peleka hii karatasi ya kuchapia foto kule Kilibula. Ni mteja yangu ya zamani, ananiita tu ku simu. Anasema imemuishia na anaitaka haraka. Mulango ya bulu, nyuma ya kinu ya kusaga unga.”

Térence alipanda pikipiki, pakiti ya karatasi mapajani, na njia nzima alikuwa anajitungia maneno. Kesho atamwambia Kaneza nini? Kwamba kamera zimekwenda? Kwamba ni yeye, kwa tamaa yake ya kumwona kila siku, aliyemnyima kazi ya ndoa? Dereva alimuuliza mara mbili kama anaumwa.

Mlango wa buluu ulikuwa wazi. Nje, kwenye benchi, familia nzima iliyovalia nguo za ubatizo ilikuwa inangoja zamu, mtoto amelala ndani ya gauni jeupe. Térence akaomba njia, akaingia.

Mpiga picha alikuwa amempa mgongo, ameinama mbele ya maharusi wawili waliokaa wima, mashavu yamevimba. Mkononi mwake ilikuwa kamera ndogo isiyo na kioo, sawasawa na ile ya kaunta, ila hii rangi yake ilikuwa imechubuka kwa miaka ya kushikwa.

“Pumueni,” aliwaambia. “Nilimaliza zamani.”

Térence akainua macho ukutani. Kulikuwa na maharusi, na watoto wa komunyo, na mabibi wa kwaya. Katikati yao, kwa safu mbili zilizonyooka, alikuwepo yeye. Yeye mara kumi, kifua mbele, macho yamemtoka. Mwisho wa safu palibaki nafasi moja tupu.

Kaneza akageuka, kamera ikiwa bado jichoni.

“Leta hiyo karatasi,” alisema. “Foto ya leo njo inabakia. Na weye pia pumua, Térence.”