Mapovu kwenye Rejeta

"Lete ufunguo, Tunu," alisema bosi Chengula. "Gari halivuji hata tone, maji yanaisha. Basi wewe dereva huweki maji!"

Haweki maji! Yeye anayeijazia ile veni ya dizeli kila alfajiri, kabla hata ya kunywa chai? Tunu alichemka kuliko injini yenyewe.

"Ufunguo utaupata, bosi. Njoo kwanza uchungulie."

Injini ilikuwa bado baridi. Alijaza rejeta hadi mdomoni, akaiacha bila mfuniko, akawasha. Mapovu yakapanda mfululizo, kama uji jikoni.

"Gasketi imekufa, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake. Moshi unapenya kwenye maji, maji nayo yanaingia ndani na kutoka kama mvuke. Au hayo mapovu napuliza mimi?"

Maji yalifurika, yakamwagikia viatu vya bosi, naye akabaki ameinama palepale akiyakodolea macho mapovu.