Maporomoko ya Mama

Siku hizi hakuna anayeruhusiwa kupanda mlima peke yake. Kila mpandaji huvaa mkufu, na kwa mkufu huo mtu mmoja asiyeweza kutembea huona anachokiona mpandaji, huhisi anachohisi, hata huwaza anachowaza. Aikande alimbeba hivyo, kwa mkufu, mama yake aliyelala nyumbani, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza.

Walipita pango la popo, wakapita ziwa dogo la kijani.

"Taratibu, Aika, tutateleza!" sauti ya mama ilisema sikioni, ikicheka kama ya msichana.

Kwenye maporomoko Aikande alivua viatu akaingia majini. Manyunyu yalimpiga usoni. Hapa hapakuwa na mtu wa kugeuzwa kitandani wala kuogeshwa. Ghafla likamjia wazo kwamba mama akifa, kila siku itakuwa hivi, na moyo wake ukajaa furaha.

Kicheko kikakatika.

"Mama?"

"Nipo. Maji matamu haya. Kaa tu, mwanangu, usiharakishe."

Uso ulimwaka kwa aibu, na alijua kwamba hata aibu hiyo mama anaihisi. Akashuka mbio huku akilia.

Nyumbani alimkuta jirani yao, Mama Eliringia, akikunja taulo.

"Ameniita nimwogeshe," jirani alisema. "Anataka niwe naja mimi, wewe upumzike."

Aikande alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mama mkono. "Nisamehe, Mama."

"Kwa lipi tena?" mama aliuliza kwa upole, huku akiutoa mkono wake taratibu na kuuficha chini ya shuka.