Zebaki Kwenye Tangi la Samaki

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Lakini mgeni wa Mbuke, shemeji yake, alifika kutoka machimbo ya dhahabu na mwenyeji akazidi kuumwa.

Huku malaria ikimtetemesha, Mbuke alijikokota kuwabadilishia samaki wake maji aliyoyatuliza ndooni tangu jana. Alipoyamimina yote kwenye tangi la kioo, tone la zebaki lilibingirika katikati ya kokoto. Samaki mmoja akalidonoa.

"Nilisuuzia ndooni humo karai langu la kukamatia dhahabu kwa zebaki tu, shemeji," mgeni alicheka. "Kwani hao mnawala?"

Mbuke alilinyakua karai lenyewe, akamtandika nalo mdomoni kwa mikono miwili. Jino likaruka hadi mlangoni.

"Niombe radhi!" shemeji akafoka, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Sikuombi. Sogea nikuongeze."